Manahodha Saba: Shajara ya Mradi Usio na Mwenyekiti

Wiki ya 1

Tumekutana saba. Kazi yenyewe haina utata: kurekodi masimulizi ya mafundi wazee 24, kuyaandika, kisha kuyatoa katika kijitabu. Kilichotula saa mbili ni nani awe mwenyekiti. Aliyeuanzisha mradi alisema hataki cheo. Nilivyomsoma usoni, hakutaka mwingine akichukue pia. Dada mmoja akapendekeza tusiwe na mwenyekiti kabisa, uongozi uende kwa zamu. Mwanzilishi akacheka: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Nilikuwa na mifano yangu mfukoni, nikaitoa. Uswisi tangu 1848 inaongozwa na baraza la watu saba, urais unazunguka miongoni mwao kila mwaka, na anayeushika hana amri juu ya wenzake. Kuna okestra ya New York iitwayo Orpheus, iliyoanzishwa 1972, ambayo hupiga bila kondakta. Mwanzilishi akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Hao wanamuziki kila mmoja ana karatasi ya noti mbele yake. Sisi karatasi yetu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipotulia nikakumbuka kwamba hata Orpheus hawaingii jukwaani hivi hivi. Kila kipande cha muziki kina wa kukiongoza, na kikundi kidogo hukaa kwanza kukifanyia kazi kabla ya wote kukutana. Kondakta hayupo, mpangilio upo. Basi tukaandika wetu, ukurasa mmoja. Kila kikao kitakuwa na mwongoza kikao, mtunza saa, mwandishi wa kumbukumbu, na mtu tuliyemwita "msoma hali", ambaye kazi yake ni kuangalia nani hajasema neno na nani kasema mno. Nafasi zote kwa zamu. Uandishi wa kumbukumbu hakuna aliyeutaka, nikauchukua mimi kwa kuanzia.

Wiki ya 2

Leo tulikuwa na swali moja: tutajuaje kwamba tumeafikiana? Kura ni rahisi, ila kwa watu saba, wanne wakishinda watatu, hao watatu ndio utakaowatuma kazi kesho yake. Tukachagua muafaka. Pendekezo linasomwa, yanafuata maswali ya kuelewa tu (marufuku swali lenye hoja ndani yake, kama "huoni kwamba…?"), kisha maoni, kisha marekebisho, kisha tunapima kwa vidole. Vitano, nalibeba mwenyewe. Vitatu, si langu la moyoni lakini sitaliwekea mguu. Kimoja, nina pingamizi tulisikilize kwanza. Ngumi, nazuia.

Ngumi ndiyo iliyotusumbua. Mtu mmoja akiweza kuzuia kila kitu, je, si huyo ndiye mwenyekiti? Kaka anayepanga kurasa akatukumbusha bunge la zamani la Poland, ambako mjumbe mmoja aliweza kusimama na kusema hakubali, na kikao kizima kikavunjika pamoja na yote yaliyokwisha kupitishwa. Mwaka 1652 mjumbe mmoja aliweka pingamizi dhidi ya kuongeza muda wa kikao, akaondoka zake. Desturi hiyo ilifutwa na katiba ya 1791, na nchi ilikuwa imekwisha kudhoofika vya kutosha.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni kule kuondoka. Alisema hapana, akatoka. Kwa hiyo sheria yetu: mwenye ngumi hatoki. Anataja lengo gani la mradi linaumizwa, na anakaa na wenzake wawili kwa wiki moja kutafuta njia nyingine. Vikao viwili vikipita bila kitu, sita kati ya saba wanatosha. Kuna pia "kukaa kando": sikubaliani, naandikwa kuwa sikubaliani, lakini sizuii.

Wiki ya 3

Maamuzi 9 kwa dakika 40. Vidole vitatu kila upande. Nimeandika "tumeafikiana" mara tisa. Nashuku.

Wiki ya 4

Nilishuku kwa haki. Mojawapo ya yale tisa lilikuwa kurekodi Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya kwanza tulifika wote, ya pili tukafika watatu. Tulipoulizana, ikadhihirika kwamba hakuna hata mmoja aliyeitaka Jumamosi. Aliyeipendekeza alidhani ndiyo siku inayowafaa wengine, wengine wakadhani yeye ana sababu yake.

Profesa mmoja wa Marekani, Jerry Harvey, aliandika kisa cha namna hii mwaka 1974. Familia yake iliyokuwa imejipumzikia nyumbani Coleman, Texas, ilisafiri hadi Abilene na kurudi, katika joto kali na gari lisilo na kipoza hewa. Waliporejea wakagundua kwamba kila mmoja alikwenda kwa kudhani wenzake wanataka kwenda. Hoja yake ni kwamba vikundi havishindwi na ugomvi peke yake, vinashindwa pia na makubaliano yasiyokuwepo.

Shirika la Biashara Duniani huhesabu kwamba muafaka umepatikana ikiwa hakuna mwanachama aliyepo kikaoni anayepinga rasmi. Kwa mataifa yenye wanasheria na wajumbe wa kulipwa, labda inafaa. Kwa sisi haifai. Kimya cha mtu aliyechoka na kimya cha mtu aliyeridhika vinafanana mno. Tumebadilisha swali. Badala ya "tumekubaliana?", mwongoza kikao atauliza kwa zamu, akimtazama mtu mmoja mmoja: "Kuna nini hapa kitakachokukwamisha?" Swali hili lina ukoo na mfumo wa Uholanzi, uliochipuka katika shule aliyoianzisha Kees Boeke huko Bilthoven mwaka 1926, ambako walimu na wanafunzi waliamua mambo pamoja. Baadaye Gerard Endenburg, aliyesoma hapo, aliupeleka kwenye kampuni ya umeme ya familia yake. Kwao swali halikuwa nani anapenda bali nani ana pingamizi lenye hoja.

Siku ya kurekodi sasa ni Jumatano jioni. Ilichukua dakika 25 kufika hapo, na vidole vilikuwa vya kila aina.

Wiki ya 5

Leo tumegombana.

Masimulizi ya fundi seremala ndiyo yaliyowasha moto. Dada anayeyaandika kutoka kwenye sauti ametumia saa 11 kwa rekodi ya dakika 50. Ameandika kila kitu: kila "eee", kila neno lililoanzwa likaachwa, kila kikohozi. Kaka wa kurasa alipoyapokea maandishi hayo aliyasafisha. Alitoa "eee" zote, akaunganisha sentensi, akahamisha aya moja ili kisa kianze mwanzo. Kurasa 14 zikawa 6. Hakumwambia mtu.

Dada alifungua faili mbele yetu na kusoma kwa sauti, mstari wake, halafu mstari wa kaka. Mstari wake, wa kaka. Alipofika wa nne sauti ikamkatika. "Huyu siye niliyekaa naye. Wewe hukuwepo." Kaka akajibu kwamba hakuna atakayemaliza kurasa 14 za "eee", na kijitabu kisichosomwa hakimhifadhi mtu yeyote. Mwanzilishi akaingilia kutoa uamuzi, wawili wakamkumbusha kwa pamoja kwamba hana cheo cha kuamua, naye akanyamaza kwa namna ambayo wote tuliisikia. Mtunza saa alisema muda umekwisha ingawa ulibaki dakika kumi na mbili. Namshukuru.

Bruce Tuckman alipochambua mwenendo wa vikundi vidogo mwaka 1965 alitaja hatua nne, na ya pili ni ya dhoruba. Nilikuwa nalijua hilo. Kulijua hakukunisaidia chochote leo.

Wiki ya 6

Mwongoza kikao wa zamu alikuwa mdogo wetu kuliko wote, ambaye hadi leo sijaandika hata hoja yake moja humu. Aliomba jambo moja tu kabla ya kuanza: dada aeleze msimamo wa kaka mpaka kaka aseme "ndivyo", kisha kaka aeleze wa dada.

Jaribio la kwanza la dada: "Anataka iwe fupi." Kaka: "Sivyo." La pili: "Anataka ipendeze." "Sivyo." Mdogo wetu hakusema kitu, alisubiri tu. La tatu lilichelewa kuja: "Anamfikiria mtu anayesoma kwa shida. Akikutana na ukurasa wa maneno yaliyokatika ataona yeye ndiye hajui kusoma." Kaka akasema ndivyo. Akaongeza kwamba mama yake anasoma hivyo, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Zamu ya kaka ilikuwa fupi zaidi. "Ananiogopa nitamfanya mzee azungumze kama mimi." Ndivyo.

Hapo nikasimulia mfano wa Mary Parker Follett, mwanafikra wa Marekani wa miaka ya 1920. Alikuwa maktaba na mwenzake, mmoja anataka dirisha wazi, mwingine analitaka limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Mmoja alihitaji hewa, mwingine hakutaka upepo umpige moja kwa moja, na hakuna aliyepoteza kitu. Follett alisisitiza kwamba hayo siyo mapatano ya kugawana nusu kwa nusu, maana kwenye nusu kwa nusu kila mtu anaondoka na upungufu. Nilipendekeza basi tutafute dirisha letu la pili: sauti kamili ihifadhiwe kwenye rekodi, maandishi yasafishwe kiasi.

Pendekezo zuri. Vidole vinne, vitano, vinne. Nilishaanza kuandika "tumeafikiana" pale mdogo wetu alipofika kwa msoma hali, bibi wa kikundi chetu, mwalimu mstaafu, na kumuuliza kama kuna kitakachomkwamisha. Akakunja ngumi. Ya kwanza tangu tuanze.

"Mnagombania maneno ya mtu," alisema. "Mwenyewe kaulizwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wazee 9 tulikwisha kuwarekodi, wote walikubali kurekodiwa, hakuna hata mmoja aliyeulizwa anataka aandikwe vipi. Ngumi ilikuwa imegusa lengo la mradi barabara. Kwa sheria yetu anakaa na wawili kutafuta njia. Akawachagua dada na kaka.

Wiki ya 7

Walikwenda watatu kwa fundi seremala, na maandishi yote mawili. Nimeomba kila mmoja anieleze peke yake, na yanalingana.

Bibi alimsomea kwanza yale marefu. Kwenye ukurasa wa pili mzee alimkatiza: "Nani kasema kanda?" Katika maandishi ya dada palikuwa na sentensi, "alipokaribia kufa alinipa kanda yake." Mzee alisema randa. Bwana wake aliyemfundisha kazi alimwachia randa, ile ya kulainishia mbao, naye akainuka akaenda kuileta na kuiweka mezani. Ubao wa mpini umechakaa pale kidole gumba kinapokaa. Dada anasema aliitazama ile randa kwa muda mrefu. Saa 11 za uaminifu, na neno kubwa kuliko yote lilikuwa siyo.

Kisha akasomewa yale mafupi ya kaka. Akayapenda, akacheka kwamba kumbe anasema vizuri hivyo. Halafu akauliza pale aliponyamaza pamekwenda wapi. Baada ya kusema amepewa randa alinyamaza, kwenye rekodi ni sekunde 14, na kaka alikuwa ameunganisha sentensi mbili juu ya kile kimya kama vile hakikuwepo. "Hizo eee toeni," mzee alisema. "Pale niliponyamaza msipaguse."

Wamerudi na pendekezo la mistari mitatu. Kila msimulizi anasomewa maandishi yake kabla hayajachapwa. Anachoagiza kitolewe kinatolewa, anachoagiza kibaki kinabaki. Rekodi kamili inahifadhiwa kwa wanaotaka kusikiliza. Vidole vitano, wote saba. Mwanzilishi alinyoosha mikono miwili, kumi.

Gharama yake ni wiki tano za ziada, na tarehe ya kuchapa imesogea. Kwa kura tungekuwa tumemaliza jambo hili wiki mbili zilizopita, tena kwa kosa.

Wiki ya 8

Hii sikutaka kuiandika.

Mtunza saa wa wiki hii alikuja na daftari. Alikuwa amehesabu ajenda zote tangu mwanzo: hoja 31, kati yake 22 niliziingiza mimi. Na kumbukumbu za vikao vyote ni zangu, maana ile "kwa kuanzia" haikuisha. Hakunilaumu. Alisoma tu kumbukumbu ya wiki ya 5, mahali nilipoandika "mwanzilishi alitulia", akauliza kama hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanzilishi akasema, hapana, sikutulia, nilinyamazishwa, na nilikaa siku nne nikifikiria kuacha.

Kwenye shajara hii niliandika vingine. Kwenye kumbukumbu rasmi niliandika "alitulia", kwa sababu ilisomeka vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaharakati wa haki za wanawake Marekani, Jo Freeman, aliandika kwamba hakuna kikundi kisicho na muundo: kinachokataa kuuandika kinakuwa nao kwa siri, na wenye nguvu ndani yake hawawezi kuulizwa kwa kuwa hawatambuliki. Nilimnukuu mtu huyu kwa wenzangu wiki ya 1, nikimlenga mwanzilishi.

Tangu leo ajenda inaandikwa ukutani na yeyote, na kumbukumbu ni zamu kama nafasi nyingine. Tumeazima pia desturi ya Marafiki, wale wa madhehebu ya Quaker, ambao wamefanya vikao vyao bila kura tangu karne ya 17: uamuzi unaandikwa na kusomwa palepale kikaoni, watu wakiwa bado wamekaa, na neno lisilokaa sawa linarekebishwa kabla hawajainuka. Inachosha. Leo tulitumia dakika tisa juu ya neno "takribani".

Kumbukumbu za kwanza zisizo zangu ni fupi na zimejaa makosa ya kuandika. Zina pia sentensi hii, ambayo mimi ningeiruka: "Aliyekuwa akiandika kumbukumbu alikasirika kidogo, kisha akakubali."

Wiki ya 10

Wiki ya 9 hakukuwa na kikao, watu walikuwa kwa wazee.

Leo suala la majina kwenye jalada. Kwa mchezo tulijaribu mtindo wa wahandisi wa intaneti wa IETF, ambao hupima mwelekeo wa chumba kwa kuguna: wanaounga mkono waguna pamoja, kisha wasiounga mkono. David Clark aliwaambia wenzake mwaka 1992 kwamba wanakataa wafalme, marais na kura, wanaamini muafaka wa jumla na programu inayofanya kazi. Kuguna kunafaa ukumbi wenye mamia, ambako hujui sauti ni ya nani. Kwa saba ni kichekesho, kila mguno una mwenyewe, na wa mwanzilishi ni besi.

Sita walitaka majina ya wazee peke yake jaladani, yetu yakae ndani, nyuma. Mwanzilishi alitaka yetu pia yawe jaladani. Alieleza: huu ni mradi wa kwanza aliowahi kuufikisha popote. Tulimsikiliza, tukajaribu sura mbili tatu, hazikumridhisha. Mwishowe alisema anakaa kando, na aandikwe hivyo. Imeandikwa. Sikuona furaha usoni mwake, na sitajifanya niliiona. Baada ya kikao alibaki kupanga viti kama kawaida yake, na dada wa sauti akabaki naye.

Wiki ya 13

Maandishi yote 24 yamesomwa kwa wenyewe. Wazee wawili walifuta zaidi ya nusu. Mmoja, fundi saa, aliongeza kurasa tatu. Mmoja alikataa asichapwe kabisa, na hatukujadili. Ni 23.

Wiki ya 15

Kijitabu kiko kwa mchapaji tangu wiki iliyopita. Leo mdogo wetu, wakati tunafunga kikao na watu wameanza kuinuka, akakumbuka kitu. Siku tatu nyuma mchapaji alimpigia simu. Ukurasa wa 31 una nafasi tupu katikati, kama mistari saba hivi, baada ya maneno "alinipa randa yake". Alitaka kujua kama maandishi yamepotea, aizibe au asubiri tukutane.

Akamwambia hayakupotea, aache hivyo hivyo, aendelee kuchapa.

Hakuona haja ya kutupigia.